Fuko wa Molo, Fuko wa Subukia

Mwezi uliopita nilirudi Molo nikiwa nimebeba gunia dogo la viazi. Binamu yangu, ambaye sasa ndiye anayelima shamba la nyanya yetu, mama mzazi wa baba zetu, alinipokea langoni, akalipapasa lile gunia, kisha akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili.

“Sista, viazi? Unaletea Molo viazi? Si hata ungeleta samaki!”

Mke wake, msichana waliyeoana naye juzijuzi kutoka upande wa ziwa kubwa kule magharibi, alicheka akiwa mlangoni mwa jikoni, akaficha mdomo kwa leso. Hata wewe cheka tu. Molo ni viazi. Malori yanayoteremka Sachangwan kila kukicha yamejaa nini, kama si viazi?

Nilikuwa na jibu zuri sana, lakini sikulitoa, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameangukia kitu kule chini ya shamba. Kichuguu cha udongo mweusi, mbichi, bado una unyevu wa asubuhi. Nikapiga kelele: “Fuko!” Nilifurahi kama niliyekutana na mtu tuliyesoma naye. Binamu akaniambia nisijali, kesho angemtilia dawa na mambo yaishe. Nikamshika mkono, nikamwomba asiguse kitu mpaka nimhadithie. Na wewe kwa kuwa umeshaketi, sikiliza pia.

Nililelewa katika shamba hilohilo, katika nyumba ya mbao iliyokuwa ikivuja baridi kila upande. Wewe uliyekulia penye joto huijui baridi ya Molo. Asubuhi sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imelala juu ya nyasi, nyeupe, na tulikwenda kukama tukiwa tumevaa sweta juu ya sweta. Ng'ombe tuliwapenda kwa maziwa yao, ndiyo, lakini zaidi kwa sababu unaweza kuegemeza shavu ubavuni mwa ng'ombe ukapata joto. Jioni tulijazana jikoni kwa nyanya. Moshi ulitutoa machozi, chai ilichemka na majani yake na maziwa yake mpaka ikawa na ngozi juu, na jivuni mlikuwa na viazi.

Si viazi vya sokoni. Vya sokoni vilikuwa vikubwa, laini, vyeupe, na vilingoja lori. Hivi vya jivuni vilitoka mistari michache pembeni mwa shamba, vyekundu, vidogo, vyenye macho mengi hata kuvimenya ilikuwa adhabu. Lakini ukivichoma! Ganda linapasuka, ndani unga mtupu, na harufu inayokufanya usahau kwamba kesho kuna shule. Nyanya alipewa mbegu yake na mama mkwe wake, ambaye naye alipewa na wa kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa mila ya nyumba ile. Mke aliyeolewa pale aliweza kukaa, akazaa, akalima, akapika, lakini mpaka siku mama mkwe atakapomwekea mkononi mbegu ya viazi vyekundu, bado alikuwa mgeni.

Wake za baba zangu wadogo walikuwa wamekwisha kupewa. Mama yangu, mke wa baba, kifungua mimba wa nyumba ile, hakuwa amepewa. Mama alitoka Subukia, ng'ambo ya bonde, kwa watu wa lugha nyingine, na nyanya hakumwita kwa jina wala kwa jina la mtoto. Alimwita “huyu wa Subukia”, hata akiwa amesimama mbele yake na sufuria ya chai. “Huyu wa Subukia amesahau chumvi.” Mama aliitika, “Ndiyo, Mama,” akaenda kuleta chumvi. Mimi lilinikera mpaka nikawa nalia chooni, kwa sababu kama yeye alikuwa wa Subukia, basi na mimi nusu yangu ilikuwa ya wapi?

Kisha nyanya akaugua kifua. Ilikuwa ndiyo miezi ya baridi kali, na wale wake wengine walikuwa na watoto wachanga, kwa hiyo aliyemwinua, aliyemsugua mgongo na kumpikia uji ni mama. Siku nyanya alipotoka kitandani na kuketi tena kwenye kigoda chake, alitazama moto, akasema kama anayezungumza na kuni, “Viazi vyekundu vikikomaa, huyu wa Subukia nitampatia mbegu.”

Mama alitoka nje. Nilimfuata, nikamkuta akisugua sufuria ambayo haikuwa chafu.

Sasa unaelewa kwa nini nilimchukia yule fuko. Alikuja wiki chache baadaye, na hakwenda kwenye ekari za viazi vyeupe, la, alianzia kwenye mistari ya nyanya. Unaona shina la kiazi limelala. Unalivuta, linakuja lote, jepesi, halina hata kiazi kimoja chini. Fuko amepita kwa ndani na kuvuna. Leo shina, kesho shina. Nyanya alikuwa mtu wa kanisa na alipenda kusoma ishara katika mambo. Nilimsikia akimwambia jirani, “Pengine Mungu hataki nipeane hii mbegu.” Mama alimsikia pia.

Jirani alikuja na maarifa yake. Tulimwaga maji kwenye shimo, tukachoma pilipili tukapuliza moshi, na jirani akazika redio kuukuu inayonguruma, eti fuko hapendi kelele. Fuko akaendelea kula na muziki juu. Maji yalipozidi unga, mama aliomba ruhusa ampigie simu baba yake.

Babu alikuja kutoka Subukia na kofia ya manyoya, fito za kutegea, uzi, na maneno mengi. Kwao alikuwa mtegaji asiyeshindwa. Usidhani mtego wa fuko ni kitu cha kubahatisha. Unafungua njia yake ya chini, unaweka kitanzi ndani, unakunja ufito mbichi juu yake na kuufunga. Fuko hachukii kitu kama nyumba iliyo wazi. Anakuja kuiziba, anakata uzi ulio njiani, ufito unaruka, kitanzi kinakaza kiunoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasema.

“Mkwe,” babu alimwambia nyanya, “kesho asubuhi utapata yeye amening'inia hapo.”

“Tutaona,” nyanya akajibu.

Hatukuona kitu. Asubuhi kitanzi kilikuwa kimefukiwa. Fuko alikuwa amesukuma udongo kutoka mbali, akaziba, akachimba njia nyingine pembeni na kung'oa shina jingine. Babu akatega upya. Kikafukiwa upya. Akabadilisha ufito, akabadilisha uzi, akachuchumaa pale mpaka magoti yakakataa.

“Hii fuko yenu imesoma,” alisema, akijaribu kucheka.

“Labda fuko ya huku haipendi wageni,” nyanya akasema. Mama alikuwa anapita na ndoo. Aliinamisha kichwa, na mistari ya viazi ilikuwa imebaki michache sana.

Babu alikasirika. “Mimi nimetega tangu nikiwa mtoto. Fuko ni fuko! Ya Subukia, ya Molo, yote ni fuko.”

Neno hilo nilikwenda nalo shule. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa koti la kiume darasani, na ukimwuliza swali hakukuacha uketi. Nilimwuliza kama ni kweli kwamba fuko ni fuko.

“Nani amekuambia?” akauliza, akaitoa kalamu yake nyuma ya sikio. Akatuchukua darasa zima nje penye jua, akachora chini kwa kijiti. Huku akaweka Molo. Kule akaweka Subukia. Katikati akakwaruza bonde, na Nakuru na ziwa lake.

“Fuko anataka nini? Udongo laini, unyevu, mizizi. Sasa ateremke hapa kwenye joto na mawe na majani makavu, aende kutafuta mke kule ng'ambo? Hawezi. Huyu mtu hata shamba la jirani ni safari.”

Tukacheka. Akatuambia kwamba zamani sana, kabla hajakuwako mtu wa kuhadithia, mababu wa fuko hawa na wale huenda walikuwa wamoja. Halafu ardhi ikabadilika katikati, wengine wakabaki juu huku, wengine kule. Kila uzao watoto hawafanani na wazazi sawasawa. Mmoja ana manyoya mazito kidogo, mwingine meno marefu kidogo. Huku baridi inamwacha huyu aishi na kuzaa. Kule joto linamwacha yule. Madogo ya upande huu yanajumlika huku, na ya upande ule kule, na kwa kuwa hawaoani, hakuna wa kuyachanganya tena. Vizazi kwa vizazi, mpaka siku ukiwakutanisha hawajuani kama mume na mke. Hapo ndipo palipokuwa na aina moja pana aina mbili.

“Siku hiyo ni siku gani, Mwalimu?” nikauliza.

“Hakuna siku. Wewe, lugha ya mama yako na ya baba yako, wazee wanasema zamani zilikuwa mbali au karibu? Watu wakigawanyika, wanaanza na kusalimiana tofauti kidogo. Wajukuu wanabadilisha maneno. Wajukuu wa wajukuu hawaelewani. Uliza nani aliamka asubuhi akiongea lugha mpya. Hakuna.”

“Na hawa fuko wetu? Wameshakuwa wawili?”

Akakuna kichwa kwa kalamu. “Hiyo hata wataalamu wanabishana. Wengine wanasema ni aina nyingi, wengine wanasema ni moja. Wakibishana hivyo, ujue pengine mnyama mwenyewe bado yuko njiani.” Halafu akaongeza, karibu kama jambo la kando, “Na si kila tofauti ni ya kuzaliwa. Nyingine ni mazoea tu. Mnyama anajua yale aliyokulia.”

Hilo la mwisho ndilo lililonifuata nyumbani. Fuko wa Molo amekulia nini? Viazi, samadi, mizizi ya ua wetu wa misipresi. Nilikuwa natembea nikiyataja moja moja kwa sauti, na nilipokaribia lango nikasimama. Harufu ilikuwa imenifikia mpaka barabarani. Babu alikuwa ameketi juu ya gogo akisugua uzi wake kwa maganda ya kahawa, kama alivyofanya kila jioni tangu afike. Kwao Subukia hivyo ndivyo wategaji huondoa harufu ya mikono ya binadamu. Kule kahawa iko kila mahali, imeoza hata udongoni, na fuko wa kule hashangai. Lakini Molo hakuna mti wa kahawa hata wa kuonyesha mtoto! Babu alikuwa hafichi harufu yake. Alikuwa anapiga hodi.

“Babu, ni kahawa!” nilipiga kelele. “Fuko wa huku hajui kahawa!”

Alinitazama kwa hasira. “Sasa mtoto ndiye atanifundisha mtego?”

Na hapo mama, ambaye katika ua ule hakuwahi kusema neno mbele ya wakwe bila kuulizwa, akaweka ndoo chini. “Baba,” alisema, “sikiliza mtoto.”

Babu akamtazama binti yake, akatazama ile mistari iliyobaki, kisha akanitupia ule uzi. “Haya, daktari. Tega basi.”

Niliuosha kwenye maji ya mtaro, nikauzika katika udongo wa nyanya mpaka kesho yake, nikasugua mikono kwa samadi na majani ya viazi hata mama akakataa nisiguse vyombo. Babu alinielekeza kukunja ufito, kwa sababu nguvu sikuwa nazo, lakini kitanzi nilikiweka mimi. Nililala macho wazi.

Aliyeona kwanza ni nyanya. Sauti yake ilitutoa wote kitandani: “Imeruka! Imeruka!” Ufito ulikuwa umesimama wima katika ukungu kama bendera ya shule, na chini yake alining'inia fuko, mnene, mweusi, na meno yake ya mbele ya rangi ya chungwa. Nyanya, mama wa kanisa, aliyekuwa mgonjwa wa kifua, alipiga vigelegele hadi jirani akaja na panga akidhani tumevamiwa. Mimi nilikimbia kulizunguka shamba lote peku kwenye sakitu. Sijawahi tangu siku hiyo kushinda kitu nikafurahi vile, na nimeshinda vitu kadhaa.

Babu alitoa mfukoni mfuko wake wa ugoro, ulioshonwa kwa ngozi ya fuko wa kwao. Akauweka kando ya yule wetu. Wa Subukia alikuwa mwekundu kama udongo wa kahawa, wetu mweusi. Babu akavua kofia. “Huyu si wetu,” akakiri. “Nilikuambia,” nyanya akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mikono, wakwe ambao hawakuwahi hata kuketi benchi moja. Baadaye mwalimu alinitahadharisha kwamba rangi peke yake si ushahidi, katika shamba moja unaweza kupata mweusi na mwekundu. Sikutaka kumsikia wakati ule. Leo ndiyo kauli ninayoirudia kuliko zote.

Lakini hatukuwa tumemaliza, kwa sababu mistari ya nyanya ilikuwa imekwisha. Ule usiku wa mwisho, kabla ya kuja kuziba shimo, fuko alikuwa amevuna viazi vya shina lililosalia. Nyanya aliligeuza geuza mkononi, na furaha yote ikamtoka. Mama alisimama nyuma yake. Hakuna aliyetaja mbegu.

“Fuko hali vyote anavyoiba,” babu akasema. “Iko na stoo. Leteni jembe.”

Tulifuata njia yake chini ya ua wa misipresi, babu kwa jembe, sisi kwa mikono. Njia ilipinda, ikashuka, na mkono wa nyanya ndio ulioingia kwanza katika tundu. Akabaki amepiga magoti, mkono umezama hadi begani, halafu akaanza kutoa. Kiazi chekundu. Kingine. Kingine. Vilikuwa vimepangwa ndani ya majani makavu, safi, vingi havijaumwa hata jino, na macho yake yameanza kuchipua. Vyote alivyoiba. Mbegu ya nyumba nzima, imehifadhiwa mahali ambapo hata sakitu isingefika.

“Kumbe alikuwa ananiwekea,” nyanya alinong'ona.

Alijaza leso yake. Akainuka, magoti yana matope, akatupita sote, akaenda moja kwa moja kwa mama. Hakuviweka chini. Alimshika mikono, akaifungua kama unavyofungua mikono ya mtoto, akamimina.

“Shika, mtoto wangu,” akasema. “Mungu hakukataza. Alificha tu.”

Mama alilia kwa sauti, akiwa amekumbatia viazi vyenye udongo kifuani. Babu akageuka kutazama misipresi kana kwamba hajawahi kuona mti. Na mimi niliyekuwa sijui nusu yangu ni ya wapi nikajua kwamba yote ni ya nyumbani.

Babu aliporudi Subukia alibeba baadhi ya mbegu ile kikapuni, zawadi ya mkwe wake, na bonde lililowashinda fuko tangu zamani, viazi vikalivuka asubuhi moja tu.

Siku zikaenda. Nyanya amelala karibu na ua wake, ingawa misipresi yenyewe ilikatwa. Babu naye aliondoka duniani, na sijui tena mtu anayeweza kukunja ufito vile. Siku hizi ni dawa. Sakitu yenyewe haiji kwa desturi yake ya zamani. Viazi vyekundu vilikwisha Molo, mstari kwa mstari, kwa kuwa lori halikuvitaka, na jikoni kuna gesi, na hakuna jivu. Mama alipofiwa na mumewe, baba yangu, alirudi kukaa kwao Subukia, na huko vikaendelea kustawi nyuma ya nyumba.

Mimi ni mwalimu wa bayolojia mjini Nakuru, chini kabisa ya bonde, palepale mwalimu wangu alipokwaruza kwa kijiti. Kila mwaka natoa wanafunzi nje, nachora Molo huku na Subukia kule. Na kila mwaka kuna mmoja anayeuliza, akijifanya mzaha, “Na sisi watu, tuko aina ngapi?” Najua anauliza nini. Nimesikia watu wazima, katika miaka mibaya ya mapigano ya bonde hili, wakisema wale wa ng'ambo si watu kama sisi. Nawaambia wanafunzi: moja. Fuko walitengana kwa sababu hawakuvuka. Sisi hatujaacha kuvuka hata siku moja, tunafuatana, tunaoana, na mimi niliyesimama hapa na chaki ndio ushahidi.

Kwa hiyo niliposimama na gunia langu, na binamu amemaliza kusikiliza, nilitoa kiazi kimoja nikamwonyesha. Hiki, nilimwambia, hakikuzaliwa kama sisi tunavyozaliwa. Kiazi unakikata kikaendelea. Mwili huu ndio uleule uliotoka katika lile tundu, uleule alioushika nyanya. Alikigeuza geuza, hakusema tena habari ya samaki.

“Na huyu fuko?” akauliza.

“Mwachie shina moja moja. Siku moja mtahitaji stoo.”

Nikampigia mama simu, kama alivyoniagiza nikifika. Sauti yake siku hizi ni nyembamba, lakini maagizo bado ni maagizo.

“Umepanda?”

“Bado, Mama.”

“Usipande wewe. Mpe yule bibi arusi. Mkononi, sio chini. Na umwambie ni mimi, huyu wa Subukia, ndiye nimetuma.”

Nikamwita mke wa binamu kutoka mlangoni mwa jikoni. Alikuja akijifuta mikono kwenye leso, hajui anaitiwa nini. Nikaishika mikono yake, nikaifungua, nikamimina.